Tulienda kwa wakili kumshtaki ami yetu, tukaambiwa kesi si yetu – nyota 4

Nimeulizwa na watu wengi kuhusu huyu wakili wa mambo ya kampuni tuliyemtumia hapa Malindi, basi naandika yote pamoja nisiwe narudia rudia kwa simu. Jina la ofisi siweki, mawakili wa Kenya wana kanuni zao za kujitangaza na sitaki ionekane ati nimelipwa nimsifu, alafu kuna mambo ya kumlaumu pia na yatasemwa. Jua tu ni mwanamke, ofisi iko ghorofani upande wa barabara ya Lamu, na ukimpelekea kesi ya shamba atakuelekeza kwa mwenzake, yeye ni kampuni na mikataba basi.

Kwa wasio na saa: kama kuna mtu anaila kampuni yenu na nyinyi ni wenye hisa wachache, pesa ya kumuona kabla hamjafungua kesi haipotei. Kama wataka mtu wa kukupigia kelele kortini kesho asubuhi, huyu si wako, tafuta mwingine, wako wengi.

Sasa ile ndefu.

Marehemu baba na ndugu yake, ami yetu, walianzisha kampuni ya barafu. Biashara ya barafu mwaijua, kaskazi ikiingia nguru na jodari ndio wakati wao, kila mwenye boti anataka barafu kabla ya alfajiri na anayeikosa samaki anauza kwa bei ya kutupa. Kampuni ni ya hisa, imesajiliwa vizuri, si ile ya kuandikiana kwenye daftari. Ami ana 45 kwa mia, mkewe 10, sisi watoto wa marehemu 30, na 15 zilizobaki ni za shangazi yetu wa Mambrui. Wakurugenzi ni wawili, ami na mkewe. Ushaona inakoenda.

Baba alipofariki tukaanza kuskia kwa wavuvi wenyewe kwamba barafu hainunuliwi tena kwenye mashine, inanunuliwa kwa kijana mmoja wa pikapu pale ufuoni na bei imepanda. Kijana ni mtoto wa ami. Ana kampuni yake, kampuni yetu inamuuzia kwa bei ya chini hata pesa ya umeme hairudi, yeye anashuka nayo ufuoni anauza bei ya soko, alafu mwisho wa mwaka tunaletewa hesabu kwamba kampuni imepata hasara, gawio hakuna, poleni wanangu mwaka huu bahari ilikuwa mbaya. Bahari ilikuwa mbaya! Na boti zote zinarudi zimejaa.

Kabla hatujamjua huyu wakili, kuna mtu wa kuchapa makaratasi ambaye alishamtengenezea kaka yangu hati ya madai. Ilikuwa imeandikwa sisi watoto wa marehemu tunamdai ami, na hasara yote ya kampuni imepigwa hesabu, ikakatwa 30 kwa mia, hiyo ndio tulipwe mkononi. Ilikuwa na mihuri mpaka inapendeza. Dada yetu mkubwa ndiye alikataa kutia sahihi mpaka isomwe na wakili wa kweli, na ndio tukapanda zile ngazi.

Wakili akaisoma, akageuza ukurasa wa mwisho kama anatafuta kilichobaki, akauliza, "Hiyo barafu iliyouzwa rahisi ilikuwa ya nani?"

Kaka akasema yetu.

"Ya nani, kaka?"

Dada akamjibia, ya kampuni.

"Basi aliyeibiwa ni kampuni. Nyinyi mwashtaki kama nani?"

Kaka akanuna. Mimi nikaona haya, hapa pesa yetu inafanya kazi. Akaeleza kwamba kampuni ikishasajiliwa ni mtu mbali, ina mali yake, madeni yake na kesi zake, na hisa zako hazikupi kipande cha mashine wala mfuko mmoja wa barafu. Akatupa mfano wa pesa za msikiti, akasema zikiliwa na mweka hazina muumini hawezi kwenda kudai fungu lake alipwe nyumbani, zinadaiwa zirudi kwenye sanduku la msikiti. Kaka hapo akanyamaza kidogo manake yeye mwenyewe yuko kwenye kamati.

Na hii kanuni si ya jana. Ni ya kesi ya Foss v Harbottle, Uingereza, 1843. Manchester kulikuwa na kampuni ya kutengeneza bustani na majumba, Victoria Park, wenye hisa wawili wakalalamika kwamba wakurugenzi waliiuzia kampuni ardhi yao wenyewe kwa bei ya kuruka, na korti ikawaambia aliyedhulumiwa ni kampuni, kampuni ndio ije. Ukifikiria ina akili yake. Kama kila mwenye hisa angeweza kufungua kesi yake kwa kosa moja, ami angeshtakiwa na sisi leo, shangazi kesho, na mke wake mwenyewe keshokutwa wakikosana. Na pesa ikilipwa moja kwa moja kwetu, anayeidai kampuni bili ya umeme na fundi wa kompresa watakuwa wamerukwa, ilhali wao wako mbele yetu kwenye foleni.

Shida sasa ni hii. Anayeamua kampuni ishtaki ni bodi. Bodi ni ami na mkewe. Wamshtaki nani, wajishtaki?

Ndio maana sheria imeacha mlango, na hapa wakili ndio alipata zile nyota zake, manake alituelezea kwa Kiswahili cha kawaida huku ameweka sheria yenyewe mezani na kidole kwenye mstari. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015, kuanzia kifungu cha 238. Mwenye hisa anaweza kufungua kesi kwa niaba ya kampuni, kwa haki ya kampuni, kama mkurugenzi amefanya uzembe, amekiuka wajibu wake ama amevunja uaminifu, au hata kama bado hajafanya lakini anapanga kufanya. Waweza kumuunganisha na mtu mwingine pia, kwa hivyo yule kijana wa pikapu haponi kwa sababu tu yeye si mkurugenzi. Hata kama kosa lilitokea kabla hujapata hisa haijalishi. Zamani ilikuwa ngumu zaidi, ilibidi uingie kwenye zile tofauti chache walizoziacha majaji wa Kiingereza, kubwa yake ikiwa uonyeshe udanganyifu dhidi ya wachache na kwamba waliofanya ndio wameishika kampuni. Sasa hata uzembe unatosha kukufikisha mlangoni.

Kukufikisha mlangoni, nasema. Manake mlango una askari, na askari ni jaji. Huwezi kuendelea na kesi ya namna hii bila ruhusa ya Mahakama Kuu. Kwa watu wa Malindi afadhali, Mahakama Kuu iko hapa hapa, hatuhitaji kupanda gari ya Mombasa kila kesi ikitajwa.

Jambo ambalo mimi sikulijua kabisa: ruhusa yenyewe ni ya kuendelea. Yaani unafungua kesi, alafu ndio unaomba korti ikuruhusu uendelee nayo, na wakili wetu hupeleka vyote viwili pamoja, madai na ombi la ruhusa na hati ya kiapo yenye vielelezo, ili mtu wa upande wa pili asipate cha kushika. Alafu ruhusa ina ngazi mbili. Ya kwanza jaji anaangalia makaratasi yako wewe peke yako. Kama ushahidi hauonyeshi chochote cha maana ombi linatupwa hapo hapo, na anaweza kukuwekea na maagizo mengine juu. Ukivuka, jaji anaweza kuiagiza kampuni ilete ushahidi wake, alafu ombi linasikizwa, na mwisho anatoa ruhusa, anakataa, ama anaahirisha na kutoa maelekezo. Hiyo yote bado kesi yenyewe haijaanza kusikizwa. Kaka aliposkia hivyo akauliza kama yule wa kuchapa atarudisha pesa. Hakujibiwa.

Wakati tunangoja nje siku moja kulikuwa na mzee wa Kiitaliano analalamika hili hili, ana mwenzake wamenunua villa kwa jina la kampuni kama wanavyofanya wengi wao hapa, sasa wamekosana. Wakili alituambia baadaye, bila kutaja mambo ya yule mzee, kwamba Waitaliano wakija kwake hii habari ya kuomba ruhusa inawashangaza manake kwao haiko hivyo. Kwenye kampuni zao ndogo kila mwenza anaweza kumshtaki mwendeshaji kwa faida ya kampuni hata akiwa peke yake, na kwenye zile kubwa za hisa sheria yao inataka mjikusanye mpaka mfike moja ya tano ya mtaji, ama moja ya arobaini kama ziko kwenye soko la hisa. Yaani wao wanachujwa kwa ukubwa wa mfuko na sisi tunachujwa na jaji. Uingereza ni ruhusa kama sisi, sheria yao ya 2006, na ukizisoma mbili hizi utajua yetu ilikaa karibu na yao ikiandikwa. Marekani, jimbo la Delaware, unatakiwa kwanza uiombe bodi ishtaki, ama uonyeshe kwamba kuiomba ni kazi bure. Mimi binafsi naona ya jaji ni afadhali kuliko ya hesabu ya Waitaliano, manake shangazi na 15 zake chini ya moja ya tano angekuwa hana lake.

Haya, jaji anaangalia nini. Hapa ndio pale mtu unaweza kuanguka huku una haki.

Kuna mambo matatu yakiwepo lazima akatae, hana hiari. Moja ni kama mkurugenzi mwenye nia ya kuifanikisha kampuni asingeendelea na hiyo kesi. Wakili akatugeuzia hili kama swali: nyinyi mngekuwa wakurugenzi, si watoto wa marehemu wenye hasira, mngetumia pesa ya kampuni kudai hii? Tulikuwa na malalamiko mengi. Mafuta ya gari la ami, chai ya ofisi, harusi ambayo friji ya kampuni ilitumika. Alikata yote. Akasema hesabu ya mafuta hata mkishinda haifiki gharama ya kesi, na mkirundika vitu vidogo jaji ataona ugomvi wa familia badala ya kampuni iliyoumizwa. Ikabaki barafu peke yake. Dada alifurahi, kaka aliona kama tumenyang'anywa ushahidi.

Mengine mawili ni idhini. Kama jambo bado halijafanyika na kampuni imeshaliidhinisha, ama limeshafanyika lakini liliidhinishwa kabla au likabarikiwa baada, ruhusa hakuna. Hapa moyo ulitushuka kidogo manake ami aliwahi kuitisha mkutano, tena siku ambayo sisi tulikuwa kwenye arubaini ya mtu Lamu, na kwenye kumbukumbu za mkutano kumeandikwa "wenye hisa waliridhia mpango wa usambazaji". 55 kwa mia wameridhia, wengi wameshinda. Wakili hakushtuka. Akaonyesha kwamba mkurugenzi akitaka kubarikiwa kosa lake mwenyewe, kura yake haihesabiwi, wala kura ya mwenye hisa aliye na uhusiano naye kama mkewe. Toa 45, toa 10, waliobaki ukumbini walikuwa viti. Hiyo nilicheka mpaka karani akachungulia.

Yakishavuka hayo kuna yale ambayo jaji anayapima: kama unakuja kwa nia safi, kama mkurugenzi mzuri angeipa kesi hii uzito, kama jambo lenyewe linaelekea kubarikiwa, kama kampuni yenyewe imeamua isishtaki, na kama wewe una njia yako mwenyewe ya kudai kwa jina lako. Na anaangalia hasa maoni ya wenye hisa ambao hawana maslahi yao humo.

Huyo ni shangazi.

Sijui kama sisi wenyewe tungewahi kumfikiria. Kwetu shangazi alikuwa ni 15 tu zisizopiga kelele. Wakili akasema huyo ndiye anaweza kuwa mzito kuliko nyinyi watatu, kwa sababu nyinyi mna jambo na ami na jaji anajua, lakini yeye ni dada yake, hana ugomvi na mtu, akisema hakuambiwa na hakuridhia jaji atamskiza. Tukaenda Mambrui. Shangazi akatupikia, akaskiza yote, akasema ndugu yake hampeleki kortini yeye na jina lake lisiwe juu ya kesi. Lakini aliposkia ameandikwa kwenye mkutano ati ameridhia, alisimama akaenda chumbani akarudi na kitambulisho, akasema hiyo hati ya kiapo iko wapi aweke sahihi. Hakuwa hata amepata barua ya mkutano. Wakili mwenyewe alimpigia simu akamweleza kila mstari kabla hajaapa, na hakumharakisha, hiyo nilimpa heshima.

Kuhusu uanachama wetu pia kulikuwa na kazi. Tulipotoa CR12, ile karatasi ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, jina lililokuwepo bado ni la baba. Mirathi ilishapita kwa Kadhi lakini hakuna aliyepeleka makaratasi kwa msajili wa kampuni. Wakili akasema sheria inamhesabu pia mtu ambaye hisa zimemfikia kwa nguvu ya sheria hata kama hajaingizwa kwenye daftari, kwa hivyo mlango haukufungwa, lakini tusiupe upande wa pili sababu ya kubishana jambo hilo mwaka mzima huku barafu inauzwa. Tukasafisha majina kwanza. Wenye mali ya marehemu ndani ya kampuni, fanyeni hilo hata kama hamna kesi na mtu.

Kitu kingine alichotutolea ambacho sikukitarajia, kuna mwaka mmoja gawio lilitangazwa kwenye mkutano, likaandikwa, alafu sisi hatukulipwa. Sisi tulikuwa tumelichanganya humo humo na barafu. Akalitoa. Gawio lililotangazwa ni deni lenu nyinyi wenyewe kutoka kwa kampuni, hilo mwadai kwa jina lenu na hamuombi ruhusa ya mtu. Ni sawa na ukizuiwa kupiga kura yako, hiyo ni haki yako, si ya kampuni. Ukivichanganya hivi viwili kwenye hati moja unampa jaji sababu ya kusema una njia nyingine.

Alafu akauliza swali ambalo lilitufunga midomo wote. Tuseme mmepata ruhusa, mkashinda, ami akaamriwa alipe. Pesa itaenda wapi? Kwa kampuni. Na anayetia sahihi cheki za kampuni ni nani?

Wallahi hatukuwa tumefika huko. Ukishinda kesi ya niaba hupati hata shilingi mfukoni, inarudi kwenye akaunti ile ile, chini ya bodi ile ile, mpaka upate njia ya kubadilisha bodi, na kumtoa mkurugenzi ni kwa kura ya wengi ambayo sisi hatuna. Ndio akatuonyesha mlango wa pili, kifungu cha 780, ambapo mwenye hisa anaiambia korti kampuni inaendeshwa kwa namna inayonidhulumu. Huko korti ina mkono mrefu, inaweza kuagiza jinsi kampuni iendeshwe, inaweza kuagiza hisa zako zinunuliwe kwa bei ya haki utoke na pesa yako, na inaweza hata kuidhinisha kesi ifunguliwe kwa jina la kampuni. Mbona tusiende huko moja kwa moja? Kwa sababu dada hataki kutoka. Kampuni ni ya baba. Kaka yeye anataka kutoka hata leo. Mimi niko katikati. Wakili akatuambia hilo si la sheria, nendeni mkaelewane nyumbani mrudi na jibu moja, na akafunga faili. Hapo wengine wangeendelea kutoza.

Tulirudi na jibu la dada. Kesi ya niaba kwa barafu, ile ya 780 ikae akiba.

Gharama alisema bila kuzungusha. Ada ya kumuona mara ya kwanza elfu tano, na ukimpa kazi anazikata kwenye bili. Kazi yenyewe si rahisi na sitaweka bei manake inategemea na uzito. Muhimu ni kwamba ukishindwa unaweza kuamriwa ulipe gharama za upande wa pili, na ukishinda faida ni ya kampuni, kwa hivyo kesi hii ina ubaya wake ndani yake, unahatarisha mfuko wako kwa ajili ya mfuko wa wote. Lakini unaweza kuiomba korti iagize kampuni ndio ibebe gharama zako, kama ulikuja kwa nia safi, na hilo amelitia kwenye ombi letu. Ofisi nyingine mbili tulizouliza bei hakuna aliyelitaja.

Sasa lawama, zipo.

Karani. Huyu mtu sijui amekosewa nini na dunia. Simu haishiki, na akishika anakwambia wakili yuko kortini hata kama unamuona kupitia kioo. Miadi ya saa nne tunaingia saa sita. Fotokopi wanakutoza kwa ukurasa bei ambayo ukishuka chini kwa duka la picha utapata nusu yake, tena vielelezo vya kesi kama hii ni vingi, hesabu za kampuni, risiti za barafu, kumbukumbu za mikutano. Kapigeni kopi nje. Ngazi pia, hakuna lifti, shangazi alipokuja kuapa ilibidi tumpandishe pole pole na kumpumzisha, wakati kamishna wa viapo angeweza kushuka. Na barua zake zote ni Kiingereza kizito, ukiwa mbele yake anakueleza vizuri ajabu lakini ukipokea barua nyumbani huna wa kumuuliza mpaka miadi nyingine, ambayo inapangwa na karani. Ndio nyota moja imekatwa hapo.

Tulipofika: barua ilipelekwa kwanza kwa bodi kutaka mpango wa pikapu usimame na hesabu ziletwe. Ami akajibu kupitia wakili wake kwamba ni mambo ya ndani ya familia. Tukafungua kesi Mahakama Kuu ya Malindi, kampuni ikawekwa kama mshtakiwa pia, jambo ambalo lilimchanganya kaka, unamtetea mtu na unamshtaki, lakini ni ili uamuzi uifunge na yeye. Ngazi ya kwanza imepita, jaji ameagiza kampuni ilete vitabu vya mauzo ya barafu. Ruhusa yenyewe bado haijasikizwa na inaweza kukataliwa, wakili ametuambia hivyo kwa mdomo wake na hajatuahidi kitu. Bei ya barafu anayouziwa kijana imepanda ghafla tangu vitabu viitishwe, sijui ni upepo gani huo.

Ukienda, beba CR12 ya karibuni, katiba ya kampuni, hesabu za miaka yote unayoweza kupata, na barua yoyote uliyoiandikia bodi hata kama hawakujibu. Kama hisa ni za marehemu beba karatasi za mirathi. Ingia asubuhi mapema, lipa kwa M-Pesa na uitishe risiti hapo hapo, na usiende Ijumaa mchana, wanafunga kwa swala na karani harudi.